Kengele Isiyo na Kitufe cha Kufuta

Jino la kwanza la Nyongo lilitolewa na siasa. La pili lilitolewa na shemeji yake, na ukilichunguza vizuri nalo lilikuwa la siasa. Yaliyobaki alijigamba kwamba anayatunza kwa ajili ya teknolojia, na teknolojia, kwa kuwa haipendi kusahauliwa, ilikuja kuyafuata.

Alikuwa fundi wa simu na kompyuta. Kibanda chake cha bati kilibanwa katikati ya bucha na saluni, kwa hiyo kutwa nzima kulia kwake shoka lilikuwa linavunja mifupa na kushoto kwake wanawake walikuwa wanapiga mayowe kwa kuvutwa nywele. Yeye alikaa katikati na bisibisi yake, akitukana. Jina la Nyongo alipewa na mtaa, kwa sababu hukuweza kumpelekea kitu kibovu asikumwagie uchungu kwanza ndipo akiguse.

"Fundi, simu yangu imekuwa nzito tangu nikubali yale maboresho," mama mmoja angesema.

"Mama yangu, hayo si maboresho. Hayo ni mapinduzi. Wameingia umelala, wamemtoa aliyekuwepo, wamebadilisha rangi, wamekuongezea mzigo. Na wewe ukabonyeza 'Nakubali' bila kusoma hata mstari."

"Nani anasoma yale maneno yote?"

"Ndiyo hapo. Na kura ulipiga hivyohivyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Programu, alisema, hutengenezwa na watu wasiopenda watu, ili zitumiwe na watu wasiopenda kusoma. Mwanasiasa ni programu kuukuu iliyopakwa rangi mpya: ikikwama unaizima, unaiwasha, inarudi na kosa lilelile na tabasamu jipya. Jamii, je? Jamii ni kidole gumba kilichokosa kichwa. Siku moja alichukua printa ya ofisi fulani iliyomgomea tangu asubuhi, akaibeba hadi nje kama mtu anayemtoa mlevi harusini, akairukia kwa miguu yote miwili mpaka ikatapika wino. Mwenye printa alisimama pale akatazama. "Ilikuwa na kosa gani?" akauliza. "Kiburi," akajibu Nyongo.

Lakini alizipenda mashine, mwongo yule. Alikuwa kama mlevi anayehubiri dhidi ya pombe huku amekumbatia chupa. Na kitu alichokipenda kuliko vyote ni kile kiswali kidogo ambacho kompyuta hukuuliza kabla hujafanya jambo lisilorudi nyuma: *Una uhakika?*

"Hilo," alikuwa akimwambia Bucha, jirani yake, "ndilo neno pekee la hekima ambalo binadamu amewahi kulitia ndani ya mashine. Wewe shoka lako linakuuliza?"

"Shoka langu halina umbea," Bucha angejibu, na kukata paja.

Bucha alikuwa jitu lenye kifua cha kabati na kicheko cha kitoto. Walikunywa chai pamoja kila siku asubuhi, wakitukanana kwa mapenzi. Aliyekuwa hapendwi ni shemeji.

Shemeji alikuwa mume wa dada yake mkubwa, dereva wa gari la mikate, mtu mpana aliyevaa kofia ya chama hata akiwa anaoga, kwa mujibu wa dada mwenyewe. Kila walipokutana walianza na salamu wakamalizia na samani. Siku ya kuzaliwa kwa mtoto wa dada walibishana juu ya mashine za kuhesabia kura. Nyongo akasema mashine haiibi, huibiwa kwayo. Shemeji akasema kama huna imani na nchi, hama. Nyongo akasema nchi inahamika lakini mjinga wa nyumbani hahamiki. Ndipo shemeji akampiga kichwa cha mdomo, mbele ya watoto na puto, na lile jino la pili likaangukia kwenye sahani. Muda mfupi kabla ya hapo Nyongo alikuwa amempiga picha: mashavu yamejaa keki, macho yametoka, krimu puani. Aliitunza ile picha kama wengine wanavyotunza hati ya shamba.

*

Uchaguzi ulipokaribia, Mwenyekiti wa mtaa aliingia kibandani akiwa na marashi yake na wapambe wake, akasimama kwa sababu kiti kilikuwa na vumbi.

"Fundi, nataka kitu cha kukomesha wezi. Kiitwe Kengele. Mtu akiibiwa, anampiga mwizi picha, anabonyeza, simu zote za mtaa zinalia kwa pamoja na sura ya mwizi inatokea."

"Zikishalia?"

"Wananchi watajua la kufanya."

"Hapo ndipo ninapoogopa, Mwenyekiti. Basi kabla haijalia iulize, una uhakika? Na mtu wa pili athibitishe."

"Mwizi hasubiri kamati."

"Tuweke basi kitufe cha kufuta. Mtu akikosea je?"

"Kengele yangu haifutwi. Kufuta ni udhaifu. Likija jambo jipya, ilie kengele mpya, ya zamani itaondoka yenyewe."

"Kama viongozi."

"Umesemaje?"

"Nimesema sawa, kiongozi."

"Na mtu akiifungua tu, aanze kuona picha yangu. Kubwa. Nikicheka."

Angeweza kukataa. Mdomo wa kukataa alikuwa nao, mtaa mzima ungeshuhudia. Lakini vidole vilimwasha. Miaka yote watu walimletea vitu vya wengine vilivyovunjika. Hakuna aliyewahi kumwambia tengeneza chako. Kwa hiyo mhubiri akainama chupani akanywa. Akafanya kazi kama aliyepagawa, na kwa kuwa Mwenyekiti hakutaka kusikia habari za kukodi seva, moyo wa Kengele ukawekwa ndani ya kompyuta kuukuu chini ya meza ya kibanda, ikinguruma kama mbwa anayeota.

Sasa, programu yoyote ya picha huhitaji picha ya akiba, ile inayojitokeza pale picha halisi inapokwama njiani. Watu wenye adabu huweka kivuli cha kichwa kisicho na uso. Nyongo aliweka shemeji yake. Mashavu ya keki, macho nje, krimu puani, na chini yake neno MWIZI kwa herufi nyekundu. Kila alipoijaribu Kengele alicheka hadi akashika mbavu, akamwita Bucha naye aje acheke.

Nitaiondoa kabla ya uzinduzi, alijiambia. Mafundi wote duniani wanaijua sentensi hiyo. Ndiyo wimbo wao wa taifa.

*

Siku ya uzinduzi Mwenyekiti alijaza watu uwanja wa mpira, nyuma ya maduka. Akawaamuru wote wafungue Kengele kwa pamoja na waonyeshe mkutano moja kwa moja kwenye simu zao, dunia ione. Mtandao ukasongwa koo. Katikati ya makofi, mkono mmoja ukaingia kwenye pochi ya mwanamke mmoja, ukatoka na vilivyomo. Mwanamke akageuka, akapiga picha ya mgongo uliokuwa unakimbilia upande wa maduka, akabonyeza kitufe chekundu kwa ghadhabu ya halali kabisa.

Ishara ya kengele, ambayo ni nyepesi, ilipita. Picha, ambayo ni nzito, ilikwama. Simu zote za mtaa zikapiga ukelele mmoja, na kwenye kila kioo akatokea mtu mwenye krimu puani.

Nyongo, aliyekuwa kibandani, aliitazama simu yake akacheka. Hili lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kujisamehe: alicheka kwanza. Kisha simu ikaita, na aliyepiga alikuwa dada yake, aliyeshona nguo katika chumba kilicho juu ya duka la kona.

"Mdogo wangu, shemeji yako yuko hapa chini anashusha mikate, na watu wanamjia! Wanamjia kutoka uwanjani, wote! Wana mawe! Kafanya nini?"

Alitoka mbio akiwa na bisibisi mkono mmoja na simu mkono mwingine. Mlango wa bucha ulikuwa wazi na gogo lilikuwa tupu. Shoka halikuwepo.

Alipofika kona hakumwona shemeji. Aliona migongo. Migongo ya watu anaowajua, mashati aliyoyazoea: mwalimu wa hesabu, kinyozi, yule bwana wa bima mwenye tai, na tai yake kaitupia begani isichafuke. Kila mmoja alikuwa akinyanyua mguu na kuushusha, kama watu wanaoponda udongo wa kujengea. Jiwe liligonga kitu likatoa mlio wa kibuyu. Alipojipenyeza chini ya makwapa yao ndipo akamwona. Shemeji alikuwa kalala ubavu katikati ya kreti za mikate, mkono mmoja umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo, sikio limechanika, kofia ya chama ingali kichwani na damu inaipaka rangi ya chama kingine. Na nusu ya waliokuwa wanampiga mateke walivaa kofia kama hiyohiyo.

Dada alishateremka na mkasi wake wa kushonea. Alikuwa kamtia mkasi matakoni mtu mmoja, naye mtu yule alikuwa anazunguka akipiga kelele kwamba mwizi ana silaha.

"Si mwizi!" Nyongo alipayuka. "Ni picha ya majaribio! Picha ya akiba! Programu imekosea!"

Kiwiko kikamkuta jichoni.

"Nasema mimi ndiye niliyeitengeneza!"

"Acha uongo," akafoka bwana wa bima, akipumua kama farasi. "Imetengenezwa na Mwenyekiti. Huoni picha yake pale mwanzo?"

"Mtazameni basi! Huyu ni dereva wa mikate! Anawaletea mikate kila siku!"

Kinyozi alitazama kioo cha simu, akatazama uso uliokuwa chini, uliovimba sasa mashavu yote mawili na macho yametoka. "Ni yeye," akasema. "Hebu ona. Ni yeye kabisa."

Ikawa kweli. Kwa mateke yao wenyewe walikuwa wamemfananisha na picha.

Kisha tairi likaja. Lilikuja likiviringishwa kwa mkono, kwa utaratibu, kama gurudumu la mchezo wa watoto, na nyuma yake mtu wa pikipiki na dumu la petroli. Umati ukampisha kwa heshima. Dada akatoa sauti ambayo Nyongo hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Mwalimu wa hesabu akauinua mguu wa shemeji ili tairi lipite, akauinua kwa uangalifu, kama anayemsaidia mgonjwa.

Kengele haifutwi. Maneno hayo yalimjia Nyongo kwa sauti ya Mwenyekiti, pamoja na marashi yake. Kengele haifutwi, ila ikilia mpya, ya zamani inaondoka. Umati ulikuwa huku na mtandao ulikuwa umepata pumzi. Picha ingepita. Alihitaji uso mmoja tu.

Na ukutani, juu ya duka la kona, uso ulikuwepo. Bango la Mwenyekiti, meno yote nje. Ningekudanganya nikisema alisita. Alilenga, akapiga, akabonyeza, na moyo wake ukamruka kwa raha ya dhambi. Simu zote zikapiga ukelele. Umati ukatulia, ukainamisha vichwa, ukatazama vioo. Picha ya Mwenyekiti, kubwa, akicheka. MWIZI.

"Mwenyekiti oyee!" mtu akapaza sauti.

"Oyeee!"

Wakapiga makofi. Walidhani Kengele imejifungua upya mwanzoni, na neno lile jekundu hakuna aliyelisoma. Nani anasoma yale maneno yote? Wakapiga makofi, wakarudi kwenye tairi. Mtu wa pikipiki akafungua kifuniko cha dumu.

Nyongo akaigeuza kamera. Akaona kwenye kioo jicho lililovimba, mapengo mawili, bisibisi nyuma ya sikio, ambayo hakukumbuka aliiweka saa ngapi. Akapiga. Kidole kikabaki juu ya kitufe chekundu, kikisubiri lile swali. Halikuja, kwa sababu yeye mwenyewe alikubali lisiwekwe.

Akabonyeza.

Simu zikalia. Vichwa vikainama, vikainuka, vikamgeukia. Wa kwanza kumwona alikuwa Bucha, shoka mkononi, kifua kimelowa jasho.

"Jirani?" Bucha akasema. Akatazama simu. Akamtazama yeye. "Kumbe ni wewe?"

"Ndiyo mimi," Nyongo akasema. "Nimeiba wote. Nimemwibia mama yako. Nifuateni, mbwa nyie!"

Akakimbia kuelekea upande wa uwanja, mbali na kona, nao wote wakamfuata, mwalimu, tai, petroli na yote. Alifika kwenye mtaro wa maji machafu, mguu ukateleza. Mgongo wa shoka, ashukuriwe Mungu haukuwa upande wenye makali, ukamkuta begani na akasikia mfupa ukikatika kwa ule mlio aliousikia kila siku kupitia ukuta wa bati. Hata pale, mdomo wake haukukoma. "Umekosea paja!" alimwambia Bucha. Kisha kisigino kikaja mdomoni, na meno aliyoitunzia teknolojia yakaenda zake, moja, mengine, akayameza mawili. Mbavu. Tumbo. Alijikunja. Aliona viatu tu, viatu vilivyopigwa rangi vizuri, na akawaza kwa uwazi wa ajabu kwamba hakuna hata mmoja wao anayemchukia.

Harufu ya petroli ilipofika puani, ikaja honi.

Gari la mikate lilikuja kinyumenyume, milango ya nyuma ikipigapiga, dada kwenye usukani, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Lilimpiga dafrao mtu wa pikipiki, likaruka ukingo, likamwaga mikate. Mikate ikatapakaa barabarani, ya moto bado, kreti baada ya kreti. Na umati ule, uliokuwa unataka damu, ulisimama kidogo, ukatazama chini, ukainama. Bwana wa bima alitandaza koti lake akaanza kukusanya.

Mkono mmoja mzima ukatoka nyuma ya gari ukamshika Nyongo ukosi, ukamvuta ndani kama gunia.

Walilala sakafuni juu ya makombo, wawili, wakirushwa kila kona dada alipokata.

"Shem," shemeji akasema kwa sauti ya mapovu. "Wamenionyesha picha. Ile ya keki."

"Ndiyo."

"Nani aliiweka?"

Nyongo angeweza kutaja mtandao. Angeweza kumtaja Mwenyekiti, na dunia nzima ingemwamini. "Mimi," akasema. "Kwa kukucheka. Nikasahau kuiondoa."

Gari likaruka tuta. Kisha shemeji akakusanya nguvu zote zilizobaki mwilini mwake, akampiga kichwa cha pua. Baada ya hapo akamshika mkono, akaung'ang'ania, hakuuachia hadi hospitali, ikabidi wauguzi wawatenganishe.

*

Mwenyekiti alitangaza kwamba Kengele imefanikiwa kupita matarajio: wezi wawili mchana mmoja. Kuhusu pochi ya yule mwanamke hakuna aliyeuliza. Alimpigia Nyongo simu wodini, akampa pole ya ajali, akaomba mlio uongezwe sauti na mitaa ya jirani nayo iunganishwe.

Siku aliyorudi kibandani, bega limefungwa plasta na maneno yakimtoka kwa mluzi kwa kukosa meno ya mbele, kompyuta ilikuwa palepale chini ya meza, ikinguruma. Nje mtu alipita akiichungulia simu yake, halafu akauchungulia uso wake. Akaongeza mwendo.

Bucha alisimama mlangoni na kifurushi cha maini. "Nimekuletea," akasema. "Jirani, simu ndiyo ilisema."

Nyongo alinyanyua simu yake kwa mkono mzima, akamlenga, akampiga picha. Kidole gumba kikakaa juu ya kitufe chekundu. Lile jitu likabadilika rangi. Maini yakaanguka chini.

"Usifanye mchezo huo," Bucha akanong'ona. "Nina watoto. Nyongo, ndugu yangu. Wataniua."

"Watakuua," Nyongo akakubali. Akamwacha atetemeke kidogo, kwani hakuwa malaika, kisha akaiweka simu mezani. "Shika shoka. Shem, njoo."

Shemeji alikuwa nje akimsubiri, mkono kwenye kitambaa shingoni, kichwa kitupu bila kofia. Wakaichomoa ile kompyuta, wakaibeba mkono mmoja mmoja, kama watu wawili wanaotengeneza mtu mmoja, wakaipeleka bucha na kuitua juu ya gogo, kwenye damu ya asubuhi.

Bucha akatema mate viganjani. Akalinyanyua shoka mpaka kwenye dari, likaning'inia huko.

"Una uhakika?" akauliza.

Nyongo alicheka hadi mshono wa mdomo ukafumuka, damu ikamchuruzika kidevuni. "Leo ndiyo unauliza?" akasema. "Kata, mshenzi we. Kata!"

Shoka likashuka.